Naomba ushauri: tumweleze vipi mtoto kuhusu rehema na wokovu?

Habari zenu ndugu. Mimi Mkristo, mume wangu Mwislamu, na binti yetu ameanza kuuliza nani ataingia peponi. Mimi nimekulia kwenye Waefeso 2:8: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na Yesu alilipa deni msalabani. Baba yake humsomea Qurani, sura ya Az-Zumar 39:53, tusikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kwake toba ya kweli inatosha, hakuna wa kumbebea mwingine dhambi. Ila ipo hadithi, yaani maneno ya Mtume Muhammad, kwamba hata yeye haingii peponi kwa amali zake, mpaka Mungu amfunike kwa rehema. Hapo naona tunakaribiana sana, japo msalaba unabaki kuwa tofauti yetu. Mliolea watoto katika imani mbili, mliwaelezaje bila kudharau upande wowote?