Modeli ya mtindo wa michoro ya njozi ya miaka ya 1970 inakariri mashujaa

Muulizaji
Ndugu zangu, ninafunza LoRA (faili ndogo ya nyongeza inayoifundisha modeli mtindo mpya) juu ya SDXL, modeli inayotengeneza picha kutokana na maneno, ili itoe picha zenye mtindo wa majalada ya riwaya za njozi za miaka ya 1970: rangi za mafuta, vivuli vizito na mwanga unaotoka upande mmoja. Picha zote arobaini nilizokusanya ni skani za majalada. Nikiomba nyumba au mti, modeli hunipa shujaa mwenye upanga juu ya mwamba, na angani huonekana alama zinazofanana na herufi. Je, niongeze hatua za mafunzo au nizipunguze?

Jibu la kwanza
Kwa maoni yangu tatizo haliko kwenye hatua. Modeli huhesabu kuwa mtindo kila kinachojirudia katika picha bila kutajwa katika maelezo yake, yaani maandishi unayoambatanisha na kila picha ya mafunzo. Kwa hiyo, maelezo yakinyamaza kuhusu shujaa, shujaa huyo naye huingia katika mtindo. Taja kila unachotaka kiweze kubadilika, yaani mtu, upanga, mwamba, joka na machweo, lakini usitaje brashi, rangi wala mwanga, kwani hivyo vitabebwa na neno moja la kuamshia mtindo.

Hata maelezo mazuri hayaokoi mkusanyiko wenye mada moja. Ondoa nusu ya mashujaa, kisha utafute mandhari zisizo na watu, majengo na wanyama waliochorwa kwa namna hiyohiyo. Picha ishirini na tano za mada mbalimbali zitakufaa kuliko arobaini zinazofanana. Majina ya riwaya yakate au yafute kabisa, pamoja na saini.

Jibu la pili
Naongeza jambo la skani. Majalada yalichapwa kwa nukta ndogo za rangi nne, na modeli huzinakili kwa uaminifu wa kuudhi. Skani kwa ubora wa juu, kisha upunguze picha ili nukta zichanganyike, ila upande mfupi usishuke sana chini ya pikseli 1024.

Jibu la tatu
Je, unakusudia kusambaza faili? Frank Frazetta, mchoraji wa Marekani ambaye wengi humfikiria mtindo huu unapotajwa, alifariki mwaka 2010, na nchi nyingi hulinda kazi za msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Wachoraji wa vitabu wa Marekani Howard Pyle na N. C. Wyeth walifariki mwaka 1911 na mwaka 1945, kwa hiyo kwao muda huo umekwisha. Wote wawili walitumia rangi za mafuta, kwa hiyo hutapoteza uzito wa vivuli unaoutafuta. Arthur Rackham, mchoraji wa vitabu wa Uingereza, naye hana kizuizi hicho, lakini wino na rangi zake za maji zitakupeleka kwingine kabisa.

Muulizaji
Nashukuru. Nitajuaje mahali pa kusimamisha mafunzo?

Jibu la kwanza
Hifadhi faili kila baada ya hatua mia kadhaa, kisha uzijaribu zote kwa ombi lilelile na mbegu ileile (namba inayoanzisha bahati nasibu ya picha), ukiomba kitu ambacho hakimo katika mkusanyiko, kwa mfano baiskeli. Chagua faili ya mwisho ambayo bado inachora baiskeli isiyo na shujaa juu yake.