Gemu ndani ya maabara ya kompyuta: kamati imekosea, au nimekosea mimi?

Mleta mada

Wakuu, habarini za jioni. Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, mnivumilie.

Nasimamia klabu ya kompyuta katika sekondari moja ya kutwa. Mashine zetu zimechoka, intaneti inakuja na kuondoka. Muhula uliopita niliwawekea vijana Dwarf Fortress, lile toleo la herufi na alama, kwa kuwa ni la bure na halidai mashine ya kisasa. Kwa asiyelijua: ni gemu la ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, lilianza kutolewa 2006. Unaongoza watu wafupi wa hadithini wanaochimba mlima na kujenga ngome. Humo mna mito, magurudumu ya maji, shafti, gia, pampu, na vibao vinavyotuma ishara vikikanyagwa au maji yakifika kina fulani. Mwaka 2010 mchezaji mmoja alivikusanya akajenga kompyuta nzima: pampu 672, magogo 2,000, vipande vya mitambo kama 8,500.

Mimi sikutaka makubwa hayo. Nilitaka mashine ya kujumlisha namba mbili, biti mbili kila moja (biti ni tarakimu ya 0 au 1, yaani imezima au imewaka). Wiki sita. Kamati ya wazazi ikasikia neno "gemu", klabu ikafungiwa mlango.

Naomba maoni, na msinionee haya.

Baba Wawili

Mwalimu, pole, ila niko upande wa kamati. Mtoto anatolewa nauli kila siku asome. Mtihani utamtaka achore geti la mantiki, vile vipande vya saketi, kwenye karatasi, na huko kazini watamtaka apange hesabu kwenye jedwali. Hakuna atakayemuuliza habari za gurudumu la maji. Halafu tuwe wakweli: ukigeuka, kuna atakayeacha gia aende kupigana na majini ya humo ndani.

Mleta mada

Wapo, sikatai. Wawili niliwakuta wamejenga kiwanda cha pombe.

Fundi Mitambo

Mimi nimekula miaka 19 kwenye mitambo ya kiwanda cha sukari, kwa hiyo nitasema la gia na mengine niwaachie wenyewe.

Hilo gemu linadanganya. Gurudumu moja la maji linatoa nguvu 100. Pampu inayoyarudisha maji juu yaligeuze tena inakula 10. Maana yake mashine inajiendesha yenyewe milele na nguvu inabaki. Nionyesheni mto wa namna hiyo, nihamie kesho. Humo gia hailiki meno, shafti haipindi, hakuna grisi. Kwetu sisi gia ikianza kucheza hata kidogo, ukiziunganisha kumi, ya mwisho haijui ya kwanza imesema nini.

Na hapo ndipo alipokwama Charles Babbage, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyebuni mashine za kukokotoa kwa gia. Serikali ya Uingereza ilimpa zaidi ya pauni 17,000 kwa mashine yake ya kukokotoa majedwali, na haikukamilika. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa sawa. Tabu ilikuwa kuchonga maelfu ya vipande vifanane, na ugomvi wake na fundi aliyekuwa akimchongea. Sasa ukimfundisha kijana mashine ya gia bila msuguano, umemfundisha nusu iliyo rahisi.

Mwanachuo

Shikamoo Mzee Fundi. Naomba nipingane kidogo.

Jumba la makumbusho ya sayansi la London lilijenga mashine ya pili ya Babbage kwa michoro yake mwenyewe, sehemu ya kukokotoa ikakamilika 1991, na ikafanya kazi. Vipande walivichonga kwa usahihi ambao mafundi wa zama zake wangeuweza. Kwa hiyo ile "nusu rahisi" ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ikangoja karne na nusu. Mjerumani Konrad Zuse naye alikata vipande vya bati nyumbani kwa wazazi wake Berlin, mashine yake ya kukokotoa, Z1, ikawa tayari 1938. Ilikuwa inakwamakwama kama unavyosema, lakini mantiki yake ilikuwa nzima, na ndiyo aliyoendelea nayo kwenye mashine zilizofuata.

Gemu linafundisha mantiki hiyo. Weka gia mbili kwenye shafti moja, kila moja na wenzo wake wa kuiunga na kuitoa. Nguvu inapita pale tu zote mbili zikiwa zimeunga: hiyo ni geti la NA. Zipange kwenye njia mbili zinazokutana mbele, inatosha moja kuunga: hiyo ni geti la AU. Mmarekani Claude Shannon aliandika hayohayo kuhusu swichi za umeme mwaka 1937 akiwa bado mwanafunzi. Lakini Mwalimu, swali kwako: kwa nini usitumie Logisim? Ni ya bure, ni ya kuchorea saketi hasa, na haina majini.

Mleta mada

Nilianza nayo. Waliunganisha mistari, jibu likaja, wakaniuliza saa ngapi tunatoka.

Ngoja niwasimulie jambo ambalo kwenye kikao sikupata nafasi ya kulisema. Wiki ya tano vijana walijumlisha 3 na 1, alama za jibu zikaonyesha 4. Shangwe. Wakabadilisha wenzo mmoja, ikawa 2 na 1. Ikatoka 7. Wakasubiri, ikawa 3. Wakarudia, ikatoka 7, kisha 3.

Mimi nikasema mmeunga vibaya. Wakabomoa, wakajenga upya, 7 ikarudi. Ndipo binti mmoja, mkimya kabisa, akatoa karatasi akaandika kwa biti, nafasi za nne, mbili na moja: 4 ni 100, 3 ni 011. Akasema, "Mwalimu, wale wa kuwaka wanawahi, wa kuzima anachelewa." Na kweli: kibao cha humo kikiguswa kinatuma ishara papo hapo, lakini ishara ya kuachia inakawia kama hatua 100 za mchezo. Biti mbili za chini zimeshawaka, ya juu haijazima, unasoma 111. Saba.

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema tuweke kitu cha kuzuia jibu lisisomwe mpaka wote watulie. Wakuu, huyo alikuwa anaelekea kwenye saa ya kompyuta, ile inayopiga mdundo ndani ya karibu kila prosesa ili jibu lisisomwe kabla ya wakati, na mimi sikuwa nimewahi kuitaja.

Fundi, kuhusu nguvu ya bure umenishinda. Sikuwaambia kuwa mto ule ni wa uongo, na nilipaswa.

Fundi Mitambo

Hiyo ya kuwahi na kuchelewa siyo uongo. Vali zetu ndivyo zilivyo, inafunguka mara moja, kufunga inajivuta. Huyo binti namtaka karakana.

Mpitanjia

Gemu la Minecraft lingetosha, vijana wengi wanalijua na mawe yake mekundu yanafanya kama waya.

Mwanachuo

Lingetosha, ila linalipiwa.

Baba Wawili

Mwalimu, hiyo saba nimeielewa, na sikusoma kompyuta hata siku moja. Kwa nini kikaoni hukuisema hivyo? Wazazi wameambiwa "gemu la kuelimisha". Maneno hayo kila muuza simu anayo.

Bado nina shaka. Wiki sita kwa jumla ya 2 na 1 ni nyingi, na wale wa kiwanda cha pombe wazazi wao nao wanalipa. Ungewapa wiki mbili, na kila kundi liandike lilichokosea, ningekuelewa. Kikao kingine ni lini? Nitakuja. Sijasema nimekubali.

Mpitanjia

Mwalimu, tuwekee faili la huo mlima tuione hiyo saba wenyewe.

Mleta mada

Limo kwenye mashine ya tatu, maabara. Ufunguo anao mwenyekiti wa kamati.