Kikosi cha ngoma na tarumbeta: mashabiki wapya tuwatoe wapi?

Snea_Indiana: Wakuu, nasaidia upande wa habari kwenye kikosi kidogo cha ngoma na tarumbeta hapa Indiana, Marekani. Kila Agosti fainali za DCI (Drum Corps International, mashindano makubwa ya vikosi kama chetu) zinavuta watu uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis, lakini mtaani kwetu, ukitoa wazazi na waliopiga bendi shuleni, hakuna anayetujua. Pesa ya matangazo hakuna. Tuanzie wapi?

Shaba_Tupu: Anzeni na mazoezi. Mgeni hatanunua tiketi akeshe jukwaani akitazama vikosi vinane asivyovielewa. Ila lile pitio la mwisho la jioni, onyesho zima mfululizo, ni bure na halizidi dakika 12 hivi. Lipangieni siku na saa isiyobadilika, mbandike tangazo maktaba na madukani. Majirani waandikieni barua kabla ya msimu. Aliyealikwa hawahi kupigia polisi simu kwa ajili ya kelele.

Wageni waketisheni juu, usawa wa mstari wa yadi 50, yaani katikati ya uwanja. Wakikaa chini pembeni hawaoni maumbo, wanaona watu wakikimbizana tu. Kabla ya kuanza, mtu ashike kipaza sauti dakika mbili: hapa hakuna filimbi wala saksofoni, ni ala za shaba kama tarumbeta, ngoma na bendera, majaji wana alama 100, na 40 kati ya hizo ni za mvuto wa jumla. Akishajua hilo, naye anaanza kuhukumu, na hapo ndipo ushabiki unapoingia.

KameraJuu: Video: onyesho zima lipigwe kutoka safu ya juu kabisa. Kwa mitandao, ninyi chukueni safu ya ngoma ikipasha moto kwenye maegesho. Simama mita tatu au nne. Ukisogea karibu zaidi maikrofoni ya simu inazidiwa na sauti inapasuka. Sekunde 30 zinatosha, na kata hesabu ya kuanzia.

Angalizo: kibali cha kupanga upya wimbo wa mtu si kibali cha kuuweka kwenye video. Ni viwili, na cha pili wengi hukisahau, ndiyo maana klipu zinanyamazishwa. Mazoezi ya ngoma mliyotunga wenyewe hayana shida hiyo.

Mtani: Gwaride la tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, msiliache. Bango la mbele liwe na jina la mji kwa herufi kubwa kuliko jina la kikosi. Msimbo wa kuskani (QR) msiuweke kwenye bango linalotembea, hakuna atakayeuwahi. Watu wawili wapite kando ya barabara na kadi zenye tarehe ya mazoezi ya wazi.

Halafu tafuteni mpinzani wa karibu. Beni za Tanganyika, zile ngoma za mtindo wa bendi za kijeshi, zilijaza mitaa kwa sababu watu walikuwa ama Marini ama Arinoti, vikundi viwili pinzani. Mtu hashangilii ubora tu, anashangilia upande.

Snea_Indiana: Asante wakuu. Mgeni amekuja, mvua ikatibua?

Shaba_Tupu: Manyunyu, funikeni marimba na spika, shaba iendelee. Radi ikisikika, wote ndani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wageni ingieni nao; ukumbini hapohapo wapigieni wimbo mmoja.