Dogo ana miaka 14 yuko Ujiji, apandeje timu ya juu?

Mjomba_Ujiji: Habari za jioni wakuu. Mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Ujiji, winga wa kushoto wa timu ya mtaa. Watoto wa rika lake hawamuwezi tena: anapokea mpira pembeni, anauvuta ndani kabla beki hajakaa sawa, kipa anabaki anashangaa. Kocha wake anasema apande, lakini hajui ampeleke wapi. Sasa amejitokeza mtu anajiita wakala, anataka laki nne za majaribio Dar, na baadaye eti Ulaya. Dada yangu anataka kuuza mahindi ya akiba. Naombeni ushauri.

Kaka_Mwanga: Mkuu, msitoe hata mia. Mwombeni barua ya klabu na jina la kocha wa vijana, halafu pigieni klabu wenyewe. Wakala anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na mtoto hamfuati bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Hiyo Ulaya ndiyo kabisa: FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana.

Mzee_wa_Ndondo: Mshusheni umri kwenye karatasi, abaki U15 (chini ya miaka 15) akatese.

KochaTabora: Mzee, hapana, unamharibia mtoto. FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI, kujua umri, kwenye mashindano ya U17 tangu 2009. Mjomba, chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, na tarehe ifanane na ya shuleni.

Kuhusu kupanda, mimi nafundisha vijana. Mpeleke afanye mazoezi na wa miaka 17 au 18, ila mechi aendelee kucheza na wenzake, dakika zote. Ukimhamisha moja kwa moja atakaa benchi msimu mzima, na benchi halimfundishi kitu. Kule kwa wakubwa mbio zake hazitamsaidia, beki anamfikia. Hapo ndipo mtamjua: je, anageuza shingo kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia? Anaachia mpira mapema? Kocha wa vijana anaangalia hayo kuliko chenga.

Njia ya karibu ni UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Shule, wilaya, mkoa, hadi taifa, na makocha wanakuja kuangalia. Hapo Kigoma mna klabu ya Mashujaa, na klabu za Ligi Kuu zina timu za vijana. Kocha wake aombe mechi ya kirafiki nao. Mtoto aonekane akicheza na wenzake anaowazoea, si majaribio ya dakika kumi kati ya watu asiowajua.

Mama_Gungu: Kaka, hata akipata Dar, uliza kwanza atalala wapi na atasoma shule gani. Wasipojibu hayo mawili, arudi nyumbani.

Kaka_Mwanga: Halafu timu yenu ya mtaa isajiliwe, na dogo awe na usajili humo. Fidia ya mafunzo ya FIFA, yaani pesa za timu zilizomlea mchezaji, huhesabiwa tangu mwaka anaotimiza miaka 12. Samatta alianzia timu ya Mbagala, akaenda Simba, TP Mazembe 2011, Genk 2016. Mchezaji akifika huko, timu zilizomlea hulipwa kama zina kumbukumbu.

Mjomba_Ujiji: Nashukuru sana ndugu zangu. Dada kasoma yote, kamkatalia yule mtu kwa simu. KochaTabora, mwalimu wake wa michezo anasema timu ya shule imejaa kidato cha nne na winga wa kushoto wanaye. Akubali kucheza beki wa kushoto ili aingie?

KochaTabora: Akubali. Ana mguu wa kushoto, ana mbio, na atajifunza kukaba.