Wanaofufua virusi vya kale Siberia wapigwe marufuku au waachwe?

Mchunguzi Kimya: Wakuu, mwaka 2014 Wafaransa Jean-Michel Claverie na Chantal Abergel walitangaza kirusi kikubwa, Pithovirus, kutoka udongo wa Siberia ulioganda zaidi ya miaka 30,000. Wakakiwekea amiba, kiumbe cha seli moja, kikazaliana kama kawaida. Mwaka 2023 wakaja na vingine 13, kimojawapo cha miaka 48,500. Mimi nasema marufuku. Korona haijatutoka hata akilini.

Bi Mwajuma: Naunga mkono. Yamal, Urusi, 2016: barafu iliyeyuka, kirusi kikatoka, mtoto akafa na kulungu zaidi ya 2,000.

Ngome ya Hoja: Dada, kile kilikuwa kimeta, na kimeta ni bakteria. Muulize mfugaji yeyote wa Longido. Halafu akina Claverie wanatumia amiba kama chambo kwa makusudi, wanase virusi vya amiba tu, visivyomgusa binadamu. Hata hilo neno kufufua silielewi. Kirusi si kiumbe hai. Huko shule za kata mnafundishwa nini?

Bi Mwajuma: Sawa, bakteria. Mtoto kafa au hajafa?

Mwalimu Kidato: Ngome, mimi nafundisha shule ya kata, kwa hiyo nikujibu. Bradford, Uingereza, 1992, walikuta kidudu ndani ya amiba kwenye maji ya mnara wa kupoozea. Kilionekana kwa darubini ya kawaida, wakadhani bakteria. Hadi 2003 ndipo kikaitwa Mimivirus. Kina jeni zaidi ya 900. Na ndugu yake aliyepatikana Paris anashambuliwa na kirusi kidogo, Sputnik, kinachomdhoofisha. Kisicho hai kinaumwaje?

Ngome ya Hoja: Ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, kinayo? Hakina. Nje ya amiba hakitengenezi protini hata moja. Kukariri majina siyo kujua baiolojia, mwalimu.

Mwalimu Kidato: Tupanvirus ya Brazil, 2018, ina seti kamili ya vimeng'enya vya kubebesha asidi amino zote 20 za kujengea protini. Imekosa ribosomu tu. Nani amekariri hapa?

Mchunguzi Kimya: Wakuu, swali lilikuwa marufuku au la.

Pwani Huru: Marufuku ya nini wakati virusi vikubwa viko kila mahali? Pandoravirus, 2013, ametoka pwani ya Chile na bwawa la Melbourne, hakuna barafu. Baharini kuna mwani unaitwa Emiliania huxleyi, ukistawi maji yanageuka meupe mpaka setilaiti inaona. Kirusi kikubwa kikiuingia, unakufa kwa wingi na chokaa yake inazama chini. Hiyo ni kaboni, ni hali ya hewa, inatugusa sisi. Siberia wanaotisha ni wachimba madini wanaofukua ardhi iliyoganda. Wazuieni hao.

Bi Mwajuma: Sasa mmehamia kwenye madini. Sijajibiwa kuhusu mtoto.

Ngome ya Hoja: Mwalimu, "imekosa ribosomu tu" ni sawa na kusema gari limekosa injini tu. Jibu.

Mwalimu Kidato: Nitajibu ukishawaomba radhi walimu wa kata. Darasa langu lina darubini moja, na watoto wale wamemwona amiba kwa macho yao. Wewe umewahi kumwona?

Ngome ya Hoja: Siombi radhi kwa swali. Ribosomu iko wapi?