Betri za vepu kwa jua la Dodoma: ya ndani, 18650 au 21700?

Mpimaviwanja
Wakuu, salaam. Nauliza wenye uzoefu na sigara za umeme, hasa upande wa betri. Niliacha sigara za kawaida nikahamia vepu. Kazi yangu ni kupima viwanja, Mtumba na Ihumwa, juani kutwa nzima. Kifaa nilicho nacho kina betri ya ndani. Siku hizi chaji haifiki saa nane mchana, na ubavu mmoja umeanza kutuna. Nataka kubadilisha. Naona njia tatu: kingine cha betri ya ndani, kifaa cha betri ya kutoa ya 18650, au kile cha 21700. Dukani nimekuta 18650 zimeandikwa 9900mAh, yaani ujazo wa chaji, kwa bei ya chini kuliko zilizoandikwa 2500mAh, na muuzaji ananiambia nichukue kubwa. Nisaidieni: ipi salama, ipi inakaa na chaji, ipi inavumilia joto la huku?

Fundi wa Makole
Mkuu, kabla ya yote, hicho kilichotuna usikichaji tena hata dakika tano. Betri ya lithiamu ikituna ujue gesi imejaa ndani na seli imeharibika. Kizime, kitoe chumba unacholala, kiweke juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vya kuwaka.

Sasa hiyo 9900. Hakuna 18650 yenye ujazo huo. Jina lenyewe ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kwenye kopo la ukubwa huo viwanda vikubwa vimefika 3500mAh na kidogo tu juu yake. Hapa mezani kwangu nimefungua za namna hiyo nikakuta kopo kubwa limebeba seli ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe.

Omba mizani. 18650 ya kweli inacheza kwenye gramu 44 hadi 48. Ikisoma thelathini na kitu, rudisha.

Na kwa vepu usianze na mAh. Anza na ampea, yaani umeme ambao betri inaweza kuutoa mfululizo bila kupata joto la hatari. Tochi ndogo inavuta ampea moja au mbili, koili ya vepu, yaani waya unaopata moto na kutoa mvuke, inaweza kuvuta 10, 15, hata zaidi ya 20. Samsung 35E ina 3500mAh lakini ampea 8 tu. Samsung 25R ina 2500mAh na ampea 20. LG HG2 ina 3000mAh na ampea 20. Ukiongeza kimoja unapunguza kingine, maana kopo ni lile lile. Ganda likikuahidi mAh nyingi sana na ampea nyingi sana kwa pamoja, usilinunue.

Binti Kondoa
Mimi nitamtetea mwenye betri ya ndani. Wengi humu wanazungumza kama mafundi, lakini mtumiaji wa kawaida anasahau. Betri ya ndani huwezi kuigeuza ukaiweka kichwa chini, huwezi kuitupia kwenye mkoba pamoja na funguo, na ganda lake halichaniki kwa kutolewa na kurudishwa. Kifaa kizuri kina saketi inayokata chaji ikijaa na kuzima koili ikipiga shoti. Kwa mtu anayetumia koili ndogo ya wati 12 au 15, hiyo inamtosha kabisa.

Ubaya wake ni huo uliokukuta, kaka. Betri ikichoka, kifaa chote kimekwisha. Na huwezi kuona ndani wamekuwekea seli gani. Chagua chenye tundu la chaji imara, na ukichaji kwa chaja ya simu tumia ile ndogo ya volti 5 na ampea 1 kama maelekezo yake yanavyosema.

Mzee wa Kizota
Vijana mnatishana bure. Mimi natoa seli kwenye betri za laptopu mbovu, nazipima, nzuri naweka kwenye tochi na kwenye vepu. Zinafanya kazi vizuri na hazina gharama.

Mwanafizikia UDOM
Shikamoo mzee. Kwenye tochi sina ubishi. Kwenye vepu naomba nipingane na wewe kwa hesabu, si kwa maneno.

Betri iliyojaa ina volti 4.2. Kwa kifaa kisicho na saketi ya kudhibiti, gawanya volti kwa omu za koili, yaani ukinzani wake. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4. Ya omu 0.2 inavuta 21. Ya 0.15 inavuta 28. Seli nyingi za laptopu zimetengenezwa kutoa ampea chache kwa saa nyingi, wastani wa 4 hadi 6, na hizo zako zimeshatumika miaka. Ukiilazimisha itoe 21 inachemka ndani. Utando mwembamba unaotenganisha pande mbili za seli unaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi. Ukiyeyuka, seli inapiga shoti yenyewe kwa ndani, na hapo joto linazaa joto mpaka kopo lipasuke.

Kwa kifaa chenye saketi, hesabu ni ya wati. Chukua wati unazotumia, gawanya kwa volti za betri inapokaribia kuisha, tuseme 3.2, kisha ongeza kama sehemu moja ya kumi kwa umeme unaopotea kwenye saketi. Wati 40 inakupa karibu ampea 14. Wengi hawajui kwamba kifaa cha saketi kinavuta ampea nyingi zaidi chaji inapopungua.

Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, ilitoa onyo rasmi kwa wananchi wasinunue wala kutumia seli za 18650 zilizotolewa kwenye pakiti zake, na vepu zilitajwa humo. Sababu ni kwamba ndani ya pakiti kuna saketi ya ulinzi. Seli ikitoka pale inatoka uchi.

Mzee wa Kizota
Marahaba mwanangu. Koili yangu ni ya omu 1.2. Gawanya basi.

Mwanafizikia UDOM
Ampea 3.5, mzee. Kwa koili hiyo seli yenye afya haizidiwi. Wasiwasi wangu unabaki kwenye umri wake na kukosa ulinzi. Na kijana wako akiazima hicho kifaa akaweka koili ya 0.2, betri haitamwambia kitu.

Mnyaturu wa Manyoni
Naongezea kuhusu mfuko wa suruali, maana ajali nyingi zinaanzia huko. Idara ya zimamoto ya Marekani, USFA, ilikusanya matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka, kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2016, yaliyojeruhi watu 133. Mengi yalitokea kifaa kikiwa mfukoni au kikitumika, na mengine kikiwa kwenye chaji. Betri ya kutoa ikilala mfukoni na sarafu au funguo, chuma kinaunganisha kichwa na ubavu, inapiga shoti papo hapo.

Nasema ubavu kwa sababu kopo lote, kuanzia kitako mpaka bega la juu, ni hasi. Chanya ni kile kidude cha katikati tu. Kinachovitenganisha pale juu ni kipete chembamba na ganda la plastiki. Itazame betri yako juani, izungushe taratibu karibu na kichwa. Ukiona ganda limechanika hata kwa upana wa kucha, usiitumie mpaka livalishwe jipya. Maganda yanauzwa kwa mafundi, yanabanwa kwa joto, bei yake ni ndogo. Na kasha la plastiki la kubebea ni lazima.

Mkisafiri kwa ndege, vepu na betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege haziruhusiwi.

Fundi wa Makole
Turudi kwenye 21700, maana imesahaulika. Ni kopo la milimita 21 kwa 70, zito kama gramu 70. Samsung 40T ina 4000mAh na Molicel P42A ina 4200mAh, na zote mbili zinatoa ampea nyingi kuliko 18650 za kawaida. Kwa wati zile zile inafanya kazi bila kuhema. Kwa anayeshinda juani bila umeme, kwangu hii ndiyo ya kwanza. Tatizo la hapa Dodoma ni upatikanaji, mara nyingi unaagiza Kariakoo. Vifaa vingi vya 21700 vinakuja na mkono wa plastiki, yaani mrija wa kuivalisha betri ndogo, wa kukuwezesha kuweka 18650, kwa hiyo hukwami.

Kuhusu joto: betri nyingi hizi haziruhusiwi kuchajiwa zikiwa zimezidi nyuzijoto 45, wala kutumika zikizidi 60. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo pale Ihumwa saa saba mchana inavuka hapo. Ukitoka nayo juani, iache ipoe kivulini kwanza ndipo uichaji.

Binti Kondoa
Na wenye watoto, zote tatu ziwe mbali na mikono yao, pamoja na ile chupa ya nikotini. Mtoto akiinywa ni sumu.

Mpimaviwanja
Asanteni sana. Jana jioni nilirudi dukani, nikaomba nizipime kwa muuza viungo wa jirani. Ile ya 9900 ilisoma gramu 31. Ya 2500 ilisoma 45. Muuzaji mwenyewe alizishika mkono huu na huu, akasema hakuwahi kuzipima.

Nimeamua kuchukua kifaa cha 21700 na kuanza na 18650 mbili za ampea 20 kwa zamu, kwa mkono wa plastiki, mpaka betri yenyewe ifike kutoka Dar. Natumia wati 25, kwa hesabu ya mwanafizikia ni kama ampea 9. Dada Kondoa, hoja yako ya kusahau nimeisikia, nimenunua makasha mawili.

Binti Kondoa
Sawa kaka. Bado nasema mama yangu nisingempa hicho, lakini wewe umepima.

Fundi wa Makole
Vizuri mkuu. Chaji ya kwanza kaa nayo, na chaja ikionyesha imejaa pima kwa mita: isome 4.2, isipite 4.25. Ikipita, chaja hiyo haifai. Usiku usichaji ukiwa umelala. Ikitokea imewaka, usiishike. Mwaga maji mengi kutoka mbali ipoe, maana mchanga unaifunika tu na joto linabaki ndani, na upige 114 kama moto umeshika kitu kingine. Kile kilichotuna usikitupe kwenye shimo la taka mnalochoma nyumbani. Niletee Makole, nitakitoa chaji taratibu na kukitenga na vingine nilivyonavyo vya kupeleka kwa wanaokusanya taka za umeme.