Mmechora hoteli, sio kambi ya jeshi. Jina langu litoke kwenye hiyo katuni yenu

Wakuu habari za muda huu. Nina dukuduku limenikaa kooni na leo nalitoa hapa hapa, maana kwenye grupu la WhatsApp nimeshavuliwa uadmini na kila nikiandika napigwa stika za kucheka. Mods naomba msiufiche huu uzi, sitaji mtu wala kikundi kwa jina, wenyewe wakisoma watajijua.

Kisa na mkasa ni hivi. Kuna kikundi hapa Dodoma tunaandaa kitabu cha katuni, hadithi ya miaka mingi ijayo, pande mbili zinagombea barafu kwenye Mwezi. Wazo zuri kabisa, na mimi ndio nililishabikia kuliko wote. Mimi kazi inayonilisha ni kuchora ramani za nyumba, huku Nkuhungu, Ilazo, mpaka Nala, kwahiyo wakasema kaka wewe utuchoree kambi ya askari, ile ngome inayolinda njia ya kushukia kwenye barafu. Nikakubali, nikakesha, nikasoma, nikachora kambi nzima mpaka mifereji ya nyaya. Juzi naletewa kurasa zilizokwisha kupakwa rangi nakuta kambi yangu haipo. Kuna jengo la vioo la ghorofa nne, lina minara miwili, lina geti kubwa utadhani anasubiriwa mgeni rasmi, na chini kabisa kwa herufi ndogo "Ramani: ..." jina langu!!

Nauliza imekuaje, mwenyekiti ananitumia voisi noti ndefuuu, kiini chake ni kwamba mchoro wangu ulikuwa "unafanana na nyumba ya bibi kijijini".

Haya. Tuongee sasa kuhusu hiyo nyumba ya bibi.

Hadithi yenyewe nyie ndio mmeiweka ncha ya kusini ya Mwezi, ukingoni mwa shimo la Shackleton. Hili ni shimo la kweli sio la kubuni, upana wake kama kilomita 21 na kina zaidi ya kilomita 4, chini kule jua halijawahi kufika kwa mamilioni ya miaka na ndio maana wanasayansi wanategemea kuna barafu. Sasa pale ukingoni hakuna hewa. Hakuna. Maana yake hakuna kinachozuia mionzi ya jua na ya anga, hakuna kinachounguza vimondo vidogo kabla havijakufikia, mchana wa huko na usiku wa huko kila kimoja kinakaribia wiki mbili kwenye sehemu nyingi za Mwezi, na joto linapanda na kushuka kiasi ambacho bati letu la geji 30 lingepasuka. Dawa yake ambayo watu wa anga wenyewe wanaipendekeza miaka yote ni kujifukia, mita mbili tatu za udongo wa Mwezi juu ya kichwa. Udongo upo, haununuliwi, haubebwi na roketi kutoka duniani. Basi mimi nikachora mapipa makubwa ya chuma yaliyolazwa kwenye mtaro, juu yakafukiwa, paa likawa bapa limelingana na ardhi, vyumba vikazunguka ua mmoja wa kati wenye magari. Ndio, ni tembe. Mgogo alijenga tembe lenye paa la udongo na ng'ombe katikati kwasababu jua la huku ni kali, miti mirefu hakuna, na mifugo inatakiwa kulindwa, na Mwiraqw kule Mbulu alienda mbali zaidi akalichimbia ndani ya mteremko kabisa adui apite bila kuona kitu. Hao walikuwa wanadisaini kambi wakuu. Nyie mnaona aibu nao mnaenda kuiga lobi ya hoteli.

Tuje kwenye vioo vyenu. Ndani ya jengo kuna hewa, nje hakuna, kwahiyo hewa inasukuma ukuta kwa nguvu ya kama tani 10 kila mita ya mraba kama mnawapa askari presha ya hewa ya huku kwetu usawa wa bahari. Dirisha lenu lile la kamanda, ukilipima kwa urefu wa huyo kamanda aliyesimama mbele yake, ni kama mita 2 kwa 3. Hizo ni tani 60 zinasukuma kioo kwenda nje masaa 24, na hapo adui bado hajarusha hata jiwe. Ndio sababu nilichora mapipa ya mviringo sio vyumba vya pembe nne, pembe ndio inapasuka kwanza. Nilieleza haya kwenye kikao, watu wako bize na chipsi.

Halafu adui mwenyewe. Swali la kwanza la kambi yoyote ni nani anakuja kukupiga na anakuja na nini, mengine yote yanafuata hapo. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe, kwa adui wa mikuki na bunduki za kushindilia ilikuwa ngome haswa, Oktoba 1894 Wajerumani wakaja na mizinga ikaanguka. Nyie mmejenga ukuta wa mita sita unaozunguka jengo kwenye sehemu ambayo uzito wa mtu ni moja ya sita ya uzito wake wa hapa. Askari wa adui akiwa na suti nyepesi huo ukuta ataupanda bila shida, na mbaya zaidi ni pembe nne tupu hauna hata kitokezo kimoja, mlinzi aliye juu haoni mtu aliyejibana chini ya ukuta. Wareno mwaka 1593 walipoanza Fort Jesus pale Mombasa tayari walijua kutoa zile pembe nje ili lindo hili lione miguu ya ukuta wa lindo lile. 1593!! Nyie mko miaka mia tatu mbele ya leo mmerudi nyuma kuliko Wareno.

Na risasi. Hapa ndio nilipandwa na hasira kabisa kwasababu nililieleza mara nyingi na ndio utamu wa hadithi nzima. Risasi ya bunduki ya kawaida inatoka na kasi ya kama mita 800 kwa sekunde. Duniani hewa inaichosha na mvutano unaishusha, Mwezini hakuna hewa na mvutano ni mdogo, hiyo risasi ikirushwa kwa mwinuko itaenda mamia ya kilomita kabla haijatua. Vipande vya bomu hivyo hivyo. Yaani ukilipua gari la adui karibu na kambi, vyuma vyake vinasambaa bila kupoteza kasi mpaka vikutane na kitu, na kitu chenyewe ni jengo lenu la vioo. Kwenye mchoro wangu nilizungusha tuta la udongo, milango yote inaangalia ndani uani, hakuna mlango unaotazamana na uwanda. Mmefuta tuta. Sababu? "Linaziba viu." Viu ya nini jamani.

Kiwanja cha kutua roketi mmekiweka katikati ya kambi. Novemba 1969 Apollo 12 ya Wamarekani ilitua Mwezini kama mita 160 tu kutoka kwenye chombo cha zamani kinaitwa Surveyor 3, wanaanga walipokiangalia kilikuwa kimekwanguliwa na mchanga uliorushwa na moto wa injini. Mita 160! Chenu kiko kama hatua ishirini kutoka mlango wa bwalo. Roketi ya kwanza ikileta chakula inawapiga mchanga askari wote pamoja na vioo vyao. Mimi nilikiweka mbali, nyuma ya mwinuko, na njia iliyochimbwa ya kufikia, mkaniambia inafanya ukurasa uwe mtupu.

Ghala la makombora limepakana ukuta mmoja na bwalo. Mtemi Isike wa Unyanyembe kule Tabora, Januari 1893, Wajerumani walipomuingilia bomani aliingia ghala la baruti akajilipua. Yule aliamua mwenyewe. Nyie askari wenu hawajaamua kitu, wako wanakula wali.

Sola sasa, hii mtu yeyote mwenye paneli nyumbani kwake hapa Dodoma anaielewa. Mmezilaza juu ya paa zinatazama juu, kama za Ipagala. Ncha ya kusini ya Mwezi jua halipandi juu, linazunguka pembeni pembeni karibu na upeo wa macho mwaka mzima, kwahiyo paneli inatakiwa isimame wima na izunguke ikifuata jua. Nilizichora hivyo, zimesimama. Dogo anayepaka rangi akasema zinafanana na mabango ya matangazo akazilaza. Hamna umeme hapo wakuu, kambi nzima iko gizani na humo ndani kuna watu 40 ambao kila mmoja anahitaji kama gramu 840 za oksijeni kwa siku, zidisheni wenyewe, ni zaidi ya kilo 33 kila siku inatakiwa itengenezwe kutoka kwenye hayo hayo maji ya barafu kwa umeme ambao hamna. Tangi la maji nalo nimelitafuta kurasa zote sijaliona. Choo sijakiona pia ila hilo nimezoea, hata wateja wangu wa nyumba huwa wanakikumbuka mwisho.

Vidogo vidogo ndio vinanimaliza. King'ora kinalia nje, "UIIIII" imeandikwa kubwa kabisa kwa wino mwekundu, sauti inapita wapi wakati hakuna hewa? Bendera inapepea. INAPEPEA. Askari wanaingia kutoka nje moja kwa moja mpaka ofisini na mabuti, wakati vumbi la Mwezi lina ncha kali kwasababu halijawahi kusagwa na upepo wala maji, wale wanaanga wa Apollo liliwaganda kwenye suti na lilichakaza vitambaa, mmoja wao Harrison Schmitt mwaka 1972 lilimletea mafua kama ya aleji. Nilichora chumba cha kuvulia suti na mlango wa mara mbili. Wamekigeuza kantini.

Kuna mtu atasema hapa mkuu hiyo ni katuni tu, acha watu waburudike. Sawa, nami napenda kuburudika, na sijasema kila kitu kiwe cha kweli. Wakitaka bunduki ya miale wachore, wakitaka roboti la kuongea Kigogo wachore na nitacheka nao. Ila mwandishi wetu anataka sura ya saba kambi izingirwe, njaa iingie, msomaji aogope. Ataogopa nini wakati hajui maji yako wapi, adui anaweza kutokea upande gani, na ukikatika mstari upi watu wanakosa hewa? Wafaransa kule Dien Bien Phu, Vietnam, mwaka 1954 walijichimbia bondeni wakitegemea uwanja wa ndege, wakaamini hakuna atakayepandisha mizinga kwenye vilima vilivyowazunguka. Wavietnamu wakaipandisha kwa mikono, uwanja ukafungwa, kuanzia Machi 13 mpaka Mei 7 kwisha habari. Hadithi yote ya kule imetoka kwenye ramani. Mimi niliwapa kambi yenye udhaifu mmoja niliouweka kwa makusudi, bomba moja la kupandisha maji kutoka shimoni linalopita mita kama mia nne nje ya tuta, ili sura ya saba iwe na kitu cha kupigania. Wamelifuta bomba, na sasa mwandishi ananiuliza inbox eti adui aingilie wapi. Aingilie kantini.

Kuhusu hela siongei sana, waliahidi kitu kidogo, hata vocha sijaona, na aliyechora vioo amelipwa. Hilo nitalimaliza nao ana kwa ana.

Ninachotaka ni vitu viwili. Cha kwanza, kabla hawajapeleka kuchapa, jina langu litoke kwenye ukurasa wa mwisho, waandike jina la aliyelaza zile sola. Cha pili, ramani zangu za awali nazichukua, hazitumiki kwenye toleo la pili wala posta ya matangazo, nimeshawaambia kwa meseji na skrini shoti ninazo. Kama kuna mwandishi humu, wa Dodoma, Singida au popote, ana hadithi inayohitaji kambi yenye choo, aje inbox tuongee.